ADABU ZETU: Bwawa la Hoteli Usiyolala

Siku za Idi na siku za mapumziko ya skuli, jamaa wengi wa Mjini hufunga safari kwenda pwani. Anayetaka bahari ya kuogelea, na khasa akiwa na watoto, mara nyingi huelekea Kaskazini, akapanda daladala ya Nungwi au gari yake mwenyewe, akashukia Kendwa. Sababu yake ni njema. Pwani ya mashariki, kwa Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa hukimbia mbali sana, na mwenye kutaka kuogelea hubaki akitazama mchanga na mashamba ya mwani. Kendwa maji hupwa vile vile, lakini bahari haiwi mbali, na mtu huweza kuogelea karibu saa yoyote ya mchana. Kwa ajili hiyo hoteli nazo zimefuatana ufukweni, moja ubavuni mwa nyingine, na nyingi katika hizo zina mabwawa ya kuogelea ambayo mtu aliyeko mchangani huyaona kwa macho yake, pengine bila ya ukuta wala lango baina yake nayo.

Hapo ndipo linapozuka suala tunalotaka kulizungumza na wasomaji wetu mwezi huu. Jamaa ametoka baharini na watoto wake, mwili umejaa chumvi, na mbele yake lipo bwawa la maji matamu. Yeye si mgeni wa hoteli ile. Hakulala, hakula, wala jina lake halimo katika daftari lao. Je, aingie? Na akiingia, aingie vipi?

Wako wanaosema: Bwawa liko wazi, na mwenyewe angetaka kuzuia watu angeweka mlango. Wako wanaosema: Maji hayapungui kwa kuogelewa. Na wako wanaosema, nao ndio wengi katika vijana: Kisiwa ni chetu, na hawa ni wageni tu. Kauli zote tatu zina utamu masikioni, lakini utamu wa kauli si hoja. Na tuzipime.

Katika Suratun Nur, aya ya 27 mpaka ya 29, Mwenyezi Mungu ametufundisha adabu ya kuingia majumbani. Tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tupige hodi na tuwatolee salamu wenyewe. Tusipomkuta mtu, tusiingie mpaka tupewe ruhusa. Na tukiambiwa turudi, turudi, na huko kurudi ndiko kuliko safi zaidi kwetu. Kisha ikafuata rukhsa: hapana lawama kuingia nyumba zisizofanywa maskani ya mtu makhsusi, ambazo ndani yake mna manufaa yetu. Wafasiri wamezitaja nyumba za kushukia wasafiri na maduka kuwa ni katika hizo.

Basi hoteli ina hali mbili. Ukumbi wake wa mbele na meza ya mapokezi ni kama duka: mtu huingia bila ya hodi, maana pamewekwa ili watu waingie waulize. Lakini chumba, bwawa, viti vya kujinyosha na mataulo ni vya waliopewa. Aliyeruhusiwa ukumbini hakuruhusiwa chumbani, na kukosekana kwa ukuta si hodi iliyoitikiwa. Shamba la mtu lisilokuwa na ua halikugeuka kuwa mwitu, wala miembe yake haikuwa ya kila mpita njia.

Ama ile kauli ya kuwa maji hayapungui, jawabu yake ni nyepesi. Imepokewa kutoka kwa Mtume s.a.w. kuwa watu ni washirika katika maji. Lakini wanavyuoni wameeleza kuwa hayo ni maji ya mto, ya mvua na ya bahari, si maji aliyoyateka mtu akayatia chomboni mwake. Bwawa la hoteli ni chombo. Maji yake yamevutwa kwa pampu, yamechujwa, yametiwa dawa, na kila hatua ina gharama yake. Tena katika kisiwa chetu maji matamu ni neema nyembamba: hutegemea mvua iliyozama katika mawe ya chini ya miguu yetu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 na jumuiya ya Kiingereza iliyokuwa ikiitwa Tourism Concern, ambao uliangalia na vijiji vya Kiwengwa na Nungwi, ulionyesha kuwa mgeni wa hoteli aliweza kutumia maji mpaka mara 16 kuliko mwanakijiji. Hilo ni jambo zito, na wenye hoteli wanapaswa kuulizwa juu yake. Lakini anayelalamika juu ya maji hayo kisha akaruka ndani yake kwa siri ameitia hoja yake doa.

Na ile kauli ya kuwa kisiwa ni chetu, ina kweli ndani yake, na sisi hatuikanushi. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mwenye hoteli hukodishwa kwa muda tu. Bahari ni ya wote. Mvuvi wa Kendwa na mtoto wa Mjini wana haki ya maji ya chumvi sawa na aliyekuja kwa ndege, wala hapana haja ya kuomba ruhusa ya kuoga baharini. Lakini aliyekodi kwa mkataba wa halali amemiliki manufaa kwa muda wa mkataba wake. Mwenye kukupangisha nyumba yake hawi na haki ya kuingia chumbani kwako bila ya hodi kwa kuwa kuta ni zake. Hukumu hiyo tunaijua vizuri tunapokuwa sisi ndio wapangaji.

Sasa tuje kwenye njia zinazotumiwa, maana hapa ndipo penye khatari zaidi kuliko maji yenyewe. Mtu huingia kutoka ufukweni akijifanya mgeni. Akiulizwa nambari ya chumba, hutaja nambari yoyote. Mtoto wake yupo ubavuni pake, anasikia. Mtoto huyo jana alichapwa kwa kusema uongo juu ya vikombe viwili vya sukari; leo amemsikia baba yake akisema uongo kwa ajili ya maji ya kuogea, na baada yake akaambiwa, "Haya, ruka!" Hatudhani kuwa darasa la chuoni litaweza kulifuta somo hilo kwa wepesi.

Njia ya pili imevaa nguo ya udugu. Mlinzi wa hoteli ni kijana wa kijijini, au mtoto wa shangazi, au tulisoma naye. Twamwambia, "Mwanangu, tufumbie jicho saa moja tu." Naye, kwa haya ya wakubwa, hufumba. Lakini jicho lile si lake. Amelikodisha kwa mshahara. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na akamtaja mtumishi kuwa ni mchunga wa mali ya bwana wake. Kwa hiyo ruhusa ya mlinzi, ikiwa hakupewa mamlaka ya kuruhusu, si ruhusa; ni khiyana tuliyomsukuma ndani yake. Na akionekana, anayefukuzwa kazi si sisi. Sisi tutapanda daladala turudi Mjini na nywele zetu zimeloa, yeye atarudi nyumbani kwa mama yake bila ya kazi. Anayempenda jamaa yake asimuombe kitu ambacho thamani yake ni riziki yake.

Je, hapana njia iliyo safi? Ipo, na ni ya karibu. Hoteli nyingi hupokea watu wa kutwa kwa malipo. Nyingine huruhusu bwawa kwa anayekula chakula katika mkahawa wao. Nyingine haziruhusu kabisa ila kwa wageni waliolala. Kila moja ina kanuni yake, na kanuni hujulikana kwa kuulizwa. Nenda mbele, kwenye mapokezi, umevaa nguo zako, uwatolee salamu, na useme wazi: "Sisi si wageni wa hapa. Tungependa kuutumia mchana huu bwawani pamoja na watoto. Je, mnaruhusu, na malipo yake ni kiasi gani?" Uliza pia kama malipo ni kwa kila kichwa, watoto wahesabiwa vipi, mwisho ni saa ngapi, na kama taulo na kiti vimo ndani ya malipo. Kisha lipa kabla ya kuingia, uchukue stakabadhi yako.

Huko kulipa kabla si jambo geni kwa Waislamu. Wazee wa Mjini waliijua hamamu ya umma aliyoijenga Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 mpaka 1888, na ambayo mtaa wa Hamamni umechukua jina lake. Wanavyuoni wa fiqhi walilizungumza sana jambo la hamamu, kwa kuwa anayeingia halijui kadiri ya maji atakayoyatumia wala muda atakaokaa. Wakajuzisha kwa kuwa ni ada ya watu na haja yao. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihyaa Ulumiddin kuwa ni katika adabu za hamamu kumpa mwenyewe ujira kabla ya kuingia, ili nafsi yake itue. Na kutomwaga maji kuliko haja, kwa kuwa yale ya ziada mwenyewe angeyaona angechukia. Kipimo hicho kinatosha bwawani pia: fanya lile ambalo mwenyewe akiliona, uso wake haukunjami.

Na ukiambiwa hapana, rudi. Hatusemi kuwa ni jambo jepesi. Lipo donge ambalo wengi wetu tumelimeza: kumwona mgeni wa kizungu akipita mlangoni bila ya kuulizwa neno, na mtoto wa nchi akasimamishwa kwa sauti kali. Hiyo ni dhulma, na dhulma ina njia yake ya kuondolewa: kumtaka msimamizi, kuuliza kwa upole kanuni imeandikwa wapi, na ikibidi kulifikisha jambo kwa wakuu wa utalii. Lakini mara nyingi jibu la hapana halina dharau ndani yake. Bwawa limejaa, au ni la waliolala peke yao. Mtume s.a.w. amefundisha kuwa ruhusa huombwa mara tatu, na asiyeruhusiwa arudi. Na aya tuliyoitaja imekuita kurudi kwako kuwa ni usafi, wala haikukuita kuwa ni unyonge. Tena aliyerudishwa Kendwa anarudi wapi? Anarudi baharini, pahali ambapo hapana stakabadhi.

Aliyeruhusiwa, na azishike adabu hizi. Aoge kwanza kwa maji ya bomba, atoe mchanga, chumvi na mafuta ya mwilini. Awapeleke watoto chooni kabla, kwa kuwa Mtume s.a.w. amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Na wenye ilimu ya dawa za maji wanatwambia kuwa dawa ya bwawa ikichanganyika na mkojo na jasho ndiyo inayozaa ile harufu kali na kuwasha macho. Asikalie kiti kilichowekewa taulo la mtu, maana hata nyumbani kwa rafiki tumekatazwa kukaa pahali pa heshima pa mwenyewe ila kwa idhini yake. Asiwaache watoto akiwategemea walinzi. Bwawa jingi halina mwokozi, na mtoto huzama kimya.

Nayo stara isisahauliwe. Baada ya zile aya za hodi, aya ya 30 na ya 31 zinaamrisha kuinamisha macho na kuhifadhi tupu. Mlango na jicho vimewekwa mahali pamoja. Mwanamume na afunike kuanzia kitovu mpaka magotini. Mama na mabinti na waulize mapema kama nguo ya kuogelea iliyositiri mwili inakubaliwa, kwani baadhi ya hoteli huikataa, na ni bora kulijua hilo mapokezini kuliko bwawani mbele ya watu. Wala asidhani mtu kuwa stara na kuogelea haviendi pamoja: mradi wa Panje pale Nungwi uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamesitirika. Ikiwa bwawa limeungana na baa, na vileo vinapitishwa ubavuni mwa watoto, au uchi umezidi, basi hata ruhusa ya mwenyewe haikutoshi. Chagua saa nyingine au hoteli nyingine.

Wazazi wenzetu, safari ya Kendwa huisha jioni, na chumvi hutoka kwa ndoo moja ya maji. Alichokiona mtoto pale mlangoni, kwamba baba yake aliuliza, akalipa, au aliambiwa hapana akasema ahsante akageuka, hicho atakwenda nacho mpaka siku atakapokuwa yeye ndiye mlinzi, au ndiye mwenye mali. Tukubaliane basi kuwa safari ijayo tutapita mlango wa mbele.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kula cha halali, kuoga kwa halali, na kuwalea watoto wetu juu ya ukweli. Amin.