Walkman imenuna? Itegee sikio!

Haya wapenzi, mshikaji wangu mmoja wa Kibondo kanifuata hapa Kasulu na kesi. Kafufua Walkman ya marehemu babu yake: kaisafisha, kaitia mkanda mpya wa mpira, kabonyeza. Kimya! Na kwenye kaseti mna sauti ya babu akisimulia hadithi kwa Kiha. Nakala nyingine hakuna.

Kwanza, ndugu yangu, toa hiyo kaseti! Jaribia ya ovyo, hata ikitafunwa hulii.

Pili, sikiliza. Mota inavuma lakini kaseti haizunguki? Mkanda huo umelegea au umechomoka. Kimya kabisa? Basi umeme haufiki. Nyingi hutumia betri mbili za AA, volti 3. Tia mpya, na usizigeuze. Betri zilizovuja huacha ungaunga mweupe au kutu ya kijani kwenye vyuma: sugua kwa pamba yenye siki kidogo, kausha. Bado? Kagua waya, wakati wa kufungua kifuniko, zile nyembamba hukatika kirahisi.

Ikiamka, siku hiyohiyo mrekodi babu kwenye simu. Sony walianza kuuza Walkman mwaka 1979, nyingine utaipata tu. Babu je?

Tukutane wiki ijayo!