Motokari ya okazioni: milango, vitasa na ule ufunguo mmoja

Juma hili tunatoka jikoni na kuingia barabarani, maana vikundi vyetu kadhaa vimeanza kuchanga ili kununua motokari ya kubebea unga, sabuni na samaki. Hapa Bukavu nyingi ni za okazioni kutoka Japani. Zimepita Dar es Salaam, zimevuka mipaka, na mara nyingi zinafika na ufunguo mmoja tu. Mnunuzi anasikiliza mashini, anapiga teke magurudumu, anafurahi. Milango hakuna anayeijaribu mpaka siku inapokataa.

Basi kabla ya kutoa dola za kikundi, mwombeni mwenye kuuza funguo mbili. Akisema ya pili ilipotea, pengine ni kweli, lakini bei ishuke, kwa sababu nyinyi ndinyi mtakaoitafuta. Jaribuni ufunguo huo kwenye mlango wa dereva, kwenye kofre na kwenye kontakti. Ukiwasha mashini lakini haufungui mlango, ujue kitasa kimoja kilibadilishwa. Ulizeni kwa nini. Halafu mmoja wenu aingie ndani, mwingine abaki nje, na kila mlango ufunguliwe pande zote mbili.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mlango wa nyuma ukifunguka kwa nje na kukataa kwa ndani, si lazima uwe mbovu. Ufungueni na mwangalie ukingo wake, karibu na kitasa: mtaona kidude kidogo kinachopanda na kushuka. Hicho ni kizuizi cha watoto. Kikiwekwa, mtoto aliye ndani anavuta bure. Tunajua mama aliyelipia garaji siku nzima ya kazi, kumbe ni kidude hicho tu.

Na sisi tunasema kizuizi hicho kiwekwe, hasa upande wa kushoto. Fikirini: motokari ya Japani volani yake iko kuume, na sisi Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo mama dereva anashuka pembezoni, kwa amani, lakini mtoto aliyekaa nyuma kushoto anafungua mlango katikati ya njia, pikipiki zinapopita mbio. Kila mlango wa nyuma una kizuizi chake. Fungeni cha kushoto, acheni cha kuume, na watoto wafundishwe kushukia kuume.

Sasa kitasa kigumu. Msimwagie mawese wala mafuta ya mashini. Siku mbili kitateleza vizuri, kisha vumbi letu la kiangazi litashikamana na mafuta hayo na kuwa matope ndani. Chukueni kreyo ya mtoto wa shule, sugueni risasi yake juu ya meno ya ufunguo, ingizeni na kutoa mara nyingi. Unga ule mweusi unalainisha bila kukamata vumbi. Kama meno ya ufunguo yamekwisha kulika, kreyo haitasaidia. Mnahitaji ufunguo mwingine. Kama mna funguo mbili, fundi achonge akifuata ule usiotumika sana. Akifuata uliolika, atawapa mpya wenye ugonjwa wa zamani.

Ufunguo mpya ukifungua mlango lakini mashini haiwaki, au inawaka kidogo na kuzimika, msiharakishe kumtukana fundi. Katika motokari nyingi za tangu miaka ya 2000, kichwa cha plastiki cha ufunguo kina kipande kidogo cha elektroniki ambacho motokari inakitambua. Chuma peke yake hakitoshi. Hapo atafutwe fundi mwenye mashini ya kuandikisha ufunguo, na bei yake isikike kabla hajagusa kitu.

Telekomandi ikinyamaza, anzeni na betri yake ndogo ya duara. Namba imeandikwa juu yake, kama CR2032 au CR2016. Nunueni namba ile ile. Mlango mmoja tu usipofuata wenzake, ubaya uko katika mota ya mlango huo au katika nyaya zinazopita ndani ya mpira kati ya mlango na bodi. Zinakatika kwa sababu ya kukunjwa kila siku, na wa dereva ndio unaochoka mbele. Milango yote ikinyamaza pamoja, angalieni fuzibli. Ikiwa imekufa, wekeni nyingine yenye namba ile ile. Ule mtindo wa kuweka karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fuzibli ukatazeni kabisa. Ndiyo, milango itafanya kazi. Na waya ukipata moto, motokari nzima itaungua.

Ufunguo usipozunguka kwenye kontakti, tikiseni volani kushoto na kuume huku mkiuzungusha polepole. Ukikataa kutoka, na vitesi ni otomatiki, angalieni kama mkono umefika kwenye P.

Tumebakiza lile linalotutia hofu: ufunguo uko ndani, milango imejifunga, na mtoto yuko ndani. Chini ya jua, kwa dakika 10 tu joto la ndani linaweza kupanda digrii 10 hivi, na mwili wa mtoto unapata moto haraka kuliko wetu. Kama anaelewa, mwonyesheni kwa mkono kitufe cha kuinua. Kama ni mchanga, au ameanza kulegea, msingojee fundi wala baba watoto. Vunjeni kioo cha pembeni kilicho mbali naye, mkipiga kwenye kona na si katikati. Kioo cha mbele kiacheni, hakipasuki upesi. Kioo kinanunuliwa tena Kadutu.

Kwa motokari ya kikundi, ufunguo wa kwanza ukae kwa dereva, wa pili kwa mtunza sanduku, nyumbani kwake, wala si ndani ya motokari yenyewe. Anayeuchukua aandike jina na saa katika daftari lile lile la michango.