Roboti Irudipo Kuwa Lori



Juma hili safu yetu inaingia mahali ambapo haijapata kuingia, nako ni ndani ya maboksi ya roboti za plastiki. Msinicheke. Kilichonipeleka huko ni ugomvi wa nyumba, nao ulianza hivi.

Ndugu yangu mdogo, afanyaye kazi Dubai, amerejea nyumbani Mombasa kwa likizo. Pamoja na mitandio, manukato na tende, sanduku lake lilikuwa na roboti tatu katika zile ziitwazo Transformers, ambazo husimama kama mtu wa chuma, kisha zikikunjwa huwa gari. Hazikuwa za watoto. Zilikuwa zake mwenyewe, baba wa miaka arobaini na sita, ambaye kabati lake la kioo pale sebuleni tayari lina nyingine zipatazo ishirini. Siku ya pili mwanawe wa miaka mitano aliitwaa moja, akataka kuigeuza, akaivunja mkono. Baba alipaza sauti, mtoto akalia, na wifi yangu akalitoa neno lililomkaa moyoni siku nyingi: "Nyumba hii naswali nikitazamwa na masanamu ishirini, nami nimenyamaza. Leo mwanangu naye apigiwe kelele kwa mkono wa plastiki?"

Walinijia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Niliomba niachiwe maboksi kwa siku chache niyatazame kabla ya kusema lolote. Nayaandika niliyoyaona kwa ruhusa yao, kwa kuwa Idd ikikaribia maduka yetu hujaa vitu hivi, na akina mama wengi huvinunua bila kujua wanachokinunua.

Tuanze na asili yake. Roboti hizi zilizaliwa Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa na aina mbili za vitu vya kuchezea, Diaclone iliyoanza mwaka 1980 na Micro Change ya mwaka 1983, ambamo magari, kaseti na hata bastola ziligeuka kuwa roboti. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua haki ya kuziuza, ikazikusanya chini ya jina moja, na mwaka 1984 ikazitoa pamoja na katuni za televisheni na majarida ya michoro ya Marvel. Kiongozi wa roboti wema ni Optimus Prime, ambaye ni lori jekundu lenye trela. Mkuu wa waovu ni Megatron.

Mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka ule sasa ana umri wa takriban miaka hamsini. Ana mshahara, na pengine ana hamu ya kitu alichokikosa udogoni. Ndugu yangu aliniambia kwamba aliishika Optimus Prime mara moja tu, nyumbani kwa jirani aliyekuwa na mjomba baharia, akaambiwa airudishe upesi. Miaka arobaini hajaisahau. Watengenezaji wanaijua hamu hiyo vyema. Tangu mwaka 2003 Takara ilianza kutoa roboti za watu wazima kwa jina la Masterpiece, na baada ya kuungana na Tomy mwaka 2006 na kuwa Takara Tomy haijaacha. Hivyo leo katika rafu moja ya duka hukaa vitu viwili vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa makusudi, kimoja cha mtoto kuchezea, na kingine cha mtu mzima kukikusanya.

Katika hizi za watu wazima, mpya inayozungumzwa sana ni ile ya mfululizo wa Missing Link, ulioanza mwaka 2024 Transformers zilipotimiza miaka arobaini. Ya kwanza yake, iitwayo C-01, ni Optimus Prime pamoja na trela lake. Kwa nje imefuata umbo na rangi za ile ya mwaka 1984. Tofauti imo katika viungo. Ile ya zamani ilisimama kama askari wa gwaride, haikuwa na uwezo mkubwa wa kukunja miguu wala kugeuka. Hii mpya imetiwa viungo vingi, ikaweza kusimama na kujipinda kama mtu. Kwa aliyeipenda ile ya zamani, kazi hii imefanywa kwa adabu, kwani haikubadilisha kumbukumbu yake, imeirekebisha tu pale ilipokuwa na upungufu. Kwa mtoto mdogo haina maana yoyote. Yeye hana kumbukumbu ya mwaka 1984 ya kurekebishwa.

Ya pili ni mfululizo wa Studio Series, ambao Hasbro imeutoa tangu mwaka 2018 kwa kufuata sura za roboti katika filamu. Hizi boksi lake huandikwa miaka 8 na zaidi, na hupangwa kwa ukubwa. Deluxe ina kimo cha sentimita 11 hivi, Voyager sentimita 16, na Leader sentimita 21. Hapa kuna jambo ambalo kila mama analihitaji. Bei hupanda kwa kadiri ya ukubwa, lakini ugumu wa kuigeuza haufuati ukubwa. Roboti ndogo yaweza kuwa na mikunjo mingi kuliko kubwa. Tazameni boksini, aghalabu imeandikwa idadi ya hatua za kuigeuza. Zikipita ishirini, mtoto wa miaka minane atahitaji mtu mzima kando yake, na asipompata atatumia nguvu. Ukiwa na mtoto mvumilivu wa miaka kumi au zaidi, apendaye kufungua na kufunga vitu, Studio Series ni zawadi nzuri. Humfundisha kusoma michoro, kufuata mpangilio na kutokukata tamaa.

Ile iliyovunjika sitaitaja kampuni yake, kwa sababu kosa halikuwa la kampuni wala la mtoto. Boksi liliandikwa wazi miaka 15 na zaidi. Sisi watu wazima tuliona picha ya gari tukadhani kila gari ni la mtoto. Kwa walio na umri wa yule kijana wetu kuna aina nyingine, kama vile Rescue Bots, zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wa kuanzia miaka 3. Hizo ni nene, hazina vipande vidogo vingi, na hugeuka kwa kuvutwa au kukunjwa mara chache tu.

Nyingine nitaitaja kwa ajili ya kuhadharisha tu, wala haimo katika maboksi ya ndugu yangu, alhamdulillahi. Mwaka 2021 kampuni ya Robosen ilitoa Optimus Prime inayojigeuza yenyewe ikiamrishwa kwa sauti. Ndani yake mna mota 27 na vipande zaidi ya 5,000. Ni ajabu ya ufundi, asiyekiri hivyo hasemi kweli. Bei yake ilipotolewa ilikuwa takriban dola 700. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi 91,000 kabla ya usafiri na ushuru. Karo ya mwaka mzima ya shule ya bweni ya kitaifa, katika miongozo ya serikali ya miaka ya karibuni, imekuwa kiasi cha shilingi 53,000. Sina la kuongeza.

Kuhusu Megatron nawaomba akina mama mnisikilize kwa makini. Yule wa mwaka 1984 aligeuka kuwa bastola, akafanana na bastola ya kweli ya Kijerumani, Walther P38. Matoleo mengi ya baadaye yamemfanya kifaru cha vita, lakini ya bastola bado yapo na huigwa. Katika mitaa yetu, kijana mwenye kitu kifananacho na bastola mkononi jioni aweza kupoteza maisha yake kabla hajapata nafasi ya kueleza kwamba ni kitu cha kuchezea. Kisiingie nyumbani, hata kikitolewa bure.

Kuna pia za bandia, ambazo ndizo nyingi zaidi vibandani. Dalili zake hazijifichi. Jina huandikwa kwa makosa ya herufi, boksi halitaji mtengenezaji wala umri, harufu ya plastiki ni kali, na skrubu zimelegea. Bidhaa iliyoingizwa nchini kwa njia ya halali hupaswa kuwa na stika ya ISM ya shirika la viwango, KEBS. La kuangaliwa kuliko yote ni betri ndogo za duara, bapa kama kifungo. Kifuniko chake lazima kifungwe kwa skrubu. Mtoto akiimeza betri ya namna hiyo yaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili, basi akishukiwa apelekwe hospitali papo hapo bila kungojea dalili.

Kwa wanaozihifadhi, hewa yetu ya pwani ina masharti yake. Chumvi huzishika kutu skrubu na vyuma vidogo, na jua la dirishani huifanya plastiki nyeupe kuwa ya manjano. Ziwekwe mbali na dirisha, zipanguswe kwa kitambaa kikavu, na betri zitolewe zisipotumika. Katika kuigeuza, kiungo kikikataa kisilazimishwe. Rudi hatua moja nyuma, utaona kuna mahali uliparuka.

Sasa nije kwa wifi yangu na masanamu yake ishirini, kwani hilo ndilo lililokuwa chini ya ugomvi wote.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume wetu (S.A.W.) aliwaona wanasesere wa Bi Aisha (R.A.), na katikati yao akaona farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipomuuliza juu ya farasi mwenye mbawa, Bi Aisha alimjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (A.S.) waliokuwa na mbawa. Mtume alicheka hata yakaonekana magego yake. Kwa hadithi hii na nyinginezo, wanazuoni wengi wamevipa vitu vya kuchezea vya watoto ruhusa, nami kila niisomapo hufurahi kuona kwamba kitu cha ajabu, kisicho katika maumbile tuyajuayo, kilikuwamo katika mchezo wa nyumba ile tukufu.

Lakini kabati la kioo si mchezo wa mtoto. Sanamu yenye kichwa, macho na mdomo, iliyosimamishwa sebuleni kwa pambo, inaingia katika mlango mwingine, wa hadithi zinazokataza kuweka masanamu na picha majumbani. Wapo wasemao kwamba roboti si kiumbe chenye roho, na wapo wasemao kwamba umbo la mtu linatosha kuizuia. Mimi si mufti, na kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemwamini. Nilichomwambia ndugu yangu ni kwamba mkewe hakuwa akizuia furaha yake. Alikuwa akiomba swala yake iwe na utulivu, na hiyo ni haki yake ndani ya nyumba yake.

Mali nayo ina hesabu yake. Anayenunua kwa pesa za matumizi ya nyumba, au kwa deni, ameingia katika israfu hata kama kitu chenyewe ni kizuri. Na anayenunua kwa nia ya kuuza bei ipandapo, kama wafanyavyo baadhi ya wakusanyaji, basi hiyo ni bidhaa ya biashara. Ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka inapaswa kutolewa zaka, wala asijifiche nyuma ya neno mchezo.

Tulikaa watatu baada ya swala ya Isha, kahawa mbele yetu. Ndugu yangu alikuwa kimya kwa muda mrefu, halafu akainuka, akaifungua kabati, akaitoa moja na kuanza kuikunja. Kichwa kilizama kifuani, mikono ikaingia ubavuni, miguu ikawa magurudumu. Akairudisha rafuni ikiwa lori. "Hivi je?" akamuuliza mkewe. Wifi yangu akaitazama. "Lori halina macho," akasema, na kwa mara ya kwanza juma lile nilimwona akitabasamu.

Kazi ya kuzikunja zote ilichukua usiku wa pili na wa tatu. Sasa kabati limejaa malori, magari na ndege, na msala wa wifi yangu umerudi mahali pake. Kijana amenunuliwa yake ya umri wake, ya kuangushwa na kukanyagwa apendavyo. Ile iliyovunjika mkono baba yake ameihamishia kwenye droo, na kila Jumamosi asubuhi wanaitoa pamoja na kuigeuza hatua kwa hatua, mtoto akishika mkono uliobaki. Aliniambia hakununua roboti hata moja iliyompa raha kama hiyo iliyovunjika.

Mwenyezi Mungu azitie utulivu nyumba zetu, awakuze watoto wetu katika kheri, na atujaalie kujua thamani ya tulivyo navyo kabla ya kutamani tusivyo navyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.