Kiti cha Shambani Siyo Pambo: Nunua Mara Moja, Kalia Miaka Kumi



Leo sizungumzii mbegu, wala mbolea, wala bei ya kitunguu. Leo nazungumzia viti, mabenchi na meza za shambani. Najua wapo watakaocheka, "Afisa ameishiwa mada." Cheka, halafu soma mpaka mwisho.

Msimu uliopita nilipita kwa kijana mmoja upande wa Hombolo, hapa hapa Dodoma. Analima vitunguu kwa umwagiliaji, na ni mchapakazi kweli. Pampu nzuri, mipira mizuri, daftari la matumizi limeandikwa vizuri kuliko la kwangu. Alikuwa na mama mmoja wa kuchambua vitunguu, na huyo mama ana jicho. Akikibonyeza kitunguu shingoni tu anajua kama kimekauka au kitaozea ndani ya gunia. Misimu miwili mama wa watu alichambua akiwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, vitunguu vimemwagwa chini, mgongo umepinda tangu asubuhi mpaka alasiri. Msimu wa tatu hakurudi.

Nilimkuta shamba la jirani, kwa malipo yale yale. Nikamuuliza, "Mama, kulikoni, mbona umehama?" Akanijibu kwa upole tu: "Mwanangu, huku nakaa."

Yule kijana akachukua watu wapya. Vitunguu vyenye shingo mbichi vikachanganywa na vikavu. Mnunuzi alipofungua magunia mawili akakuta maji maji, akashusha bei ya mzigo wote, siyo ya magunia yale mawili peke yake. Sasa niambie, benchi ni pambo?

Msimamo wangu ni huu: kiti na meza ya shambani ni zana ya kazi, sawa na jembe na pampu. Na zana ya kazi hainunuliwi kwa kuangalia bei ya leo tu. Inanunuliwa kwa kuangalia itakaa juani miaka mingapi bila kukusumbua.

Plastiki nyepesi: rahisi kununua, rahisi kupasuka

Wengi tunaanza na viti vya plastiki. Sikulaumu, vinapatikana kila duka na unabeba vinne kwenye bodaboda. Ila viti vile kwa asili ni vya sebuleni na vya shughuli, vinatolewa jioni na kurudishwa ndani usiku. Ukiviacha juani Dodoma mwezi baada ya mwezi, mionzi ya jua inakata plastiki ndani kwa ndani. Dalili ni rahisi kuziona: rangi inapauka, ukipitisha kidole unapata unga unga kama chaki, halafu mguu unaanza kupata nyufa ndogo. Kiti kikifika hapo hakina matengenezo. Siku moja mtu mzito anaketi na kinaachia. Mimi kiliniachia mbele ya wakulima ishirini, na somo la siku hiyo hakuna aliyelikumbuka. Wanakumbuka nilivyoanguka.

Kama ni lazima ununue plastiki, chagua nene, na rangi nyeusi au ya giza ni afadhali. Umeona matangi ya maji yalivyo meusi? Ule weusi unazuia mionzi isipenye ndani ya plastiki. Shida yake kwa kiti ni kwamba cheusi kinapata moto, kwa hiyo ni cha kivulini. Na sheria hiyo hiyo inahusu kreti zako za kuvunia. Kreti iliyolala juani msimu mzima itakatika mshikio siku ya mavuno, siku ambayo huna muda.

Mbao: jua adui yako ni nani

Kwa mbao, watu wengi wanaogopa mvua. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kama Desemba mpaka Aprili. Adui wa kudumu ni jua na mchwa. Jua linapasua, mchwa anamaliza.

Mbao ngumu zilizokomaa kama mtiki, ambao wengine huita msaji, mninga na mkongo zinastahimili nje. Mtiki unapandwa hapa nchini, kuna mashamba ya miti Mtibwa kule Morogoro na Longuza kule Muheza, kwa hiyo siyo mbao ya ndoto. Lakini sikiliza hapa: kinachodumu ni kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea. Sehemu nyeupe ya pembeni mchwa anaila kama mkate. Fundi akikuletea ubao wa mtiki wenye nusu nyeupe, hajakuuzia mtiki, amekuuzia jina. Na ukinunua mbao za miti ya asili, dai risiti na uhakikishe zimevunwa kwa kibali. Kupoteza mzigo kwenye kizuizi cha maliasili ni hasara kubwa kuliko benchi.

Usipake vanishi ya ndani kwenye benchi la nje. Inang'aa miezi michache, halafu inabanduka kama ngozi ya nyoka, na kila mwaka utakuwa unapiga msasa na kupaka upya. Mtiki ukiuacha bila kitu utageuka kijivu. Ni sura tu, nguvu yake iko pale pale. Mimi napenda benchi la kijivu lisilonidai kitu.

Kuna hii mitindo ya mitandaoni ya kutengeneza makochi kwa paleti. Inapendeza kwenye picha. Ila paleti nyingi ni mbao laini. Angalia muhuri wake: herufi HT maana yake imepitishwa kwenye joto, MB maana yake imefukizwa kwa gesi ya sumu. Yenye MB usiifanyie meza ya mazao wala kiti cha watu. Na hata hiyo HT, joto liliua wadudu waliokuwemo siku ile. Halimzuii mchwa wa shambani kwako kuingia kesho.

Halafu oili chafu. Najua wengi mnapaka miguu ya meza ili kuzuia mchwa, mmerithi kwa wazee. Mimi nasema hapana kwa meza yoyote inayogusa chakula. Oili ile imetoka kwenye injini, ina uchafu wa vyuma na sumu nyingine, inaingia kwenye mbao na kuhamia kwenye zabibu na nyanya zako. Mwinue mguu wa meza juu ya jiwe au kipande cha zege, usiuzike ardhini, na kila wiki pita na ufagio uangalie kama kuna njia ya udongo inayopanda. Mchwa hapendi kuonekana. Ukimwinulia meza utamwona mapema.

Chuma: kizuri, kama fundi hajakimbilia

Fremu ya bomba za mraba ni chaguo zuri kwa meza ya kuchambulia. Inabeba mzigo, haipasuki, mchwa haiwezi. Adui ni kutu, na kutu mara nyingi inaanzia sehemu mbili ambazo hutazami.

Ya kwanza ni pale palipochomelewa. Hata kama bomba lina zinki, moto wa kuchomelea unaiunguza, pale panabaki chuma kitupu. Dai fundi asugue kwa brashi ya waya, apake rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu ifuate. Akikwambia "hii ya juu inatosha, bosi", mwambie haitoshi. Ya pili ni ndani ya bomba. Ncha zikiachwa wazi, maji na udongo vinaingia, na meza inaoza kutokea ndani wakati nje bado inang'aa. Ncha zote zizibwe kwa kipande cha bati nene, na miguu ikae juu ya zege.

Na usifanye kiti cha chuma kitupu. Saa saba mchana hakuna atakayekikalia. Weka fremu ya chuma na sehemu ya kukalia ya mbao, zilizofungwa kwa nati na bolti. Ubao ukichoka unabadilisha ubao, siyo kiti.

Kwa meza ya vitunguu, juu weka wavu mgumu ili udongo na maganda vidondoke chini vyenyewe. Kwa zabibu na nyanya weka juu laini panapofutika kwa maji. Urefu usikadirie kwa macho: msimamishe mtu wako, akunje mkono, meza iwe chini kidogo ya kiwiko chake. Hapo mgongo unapumzika na macho yanafanya kazi.

Zege: benchi lisiloibiwa

Kama ardhi ni yako, mimi nasema bila kuuma maneno: jenga benchi la zege. Nguzo mbili za tofali, juu slabu. Kwa benchi la watu watatu au wanne, slabu ya urefu wa mita 1.5, upana wa sentimita 40 na unene wa sentimita 8 inatosha. Changanya saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Slabu moja ya namna hiyo haifiki nusu mfuko wa saruji. Weka nondo tatu za milimita 10 kwa urefu, na ziwe karibu na chini ya slabu, siyo katikati wala juu. Mtu akikaa, slabu inavutika upande wa chini, hapo ndipo nondo inahitajika. Ziache zifunikwe na zege kama sentimita 2.5 ili zisipate kutu.

Kosa kubwa la vijana ni haraka. Unamwaga leo, kesho unataka kukaa. Zege linahitaji maji ili likomae. Funika kwa magunia, mwagilia asubuhi na jioni, usilikalie kabla ya siku 7, na mzigo mkubwa subiri mwezi. Kwa jua letu, zege lisilomwagiliwa linakauka juu juu na kupata nyufa. Likikomaa, paka chokaa nyeupe lisishike joto. Mwaka hadi mwaka kazi yako ni chokaa tu, na hakuna mtu atakayelibeba usiku kwenda kuliuza chuma chakavu.

"Afisa, shamba lenyewe nimekodi"

Hoja hii naisikia sana, na ni ya kweli. Ukijenga zege kwenye shamba la kukodi umemjengea mwenye shamba. Kwa hiyo usijenge. Wewe chukua fremu ya chuma inayofunguka kwa bolti, mbao juu, mkataba ukiisha unapakia kwenye guta na kuhama nayo. Wengine mtaniambia mtaji ni mdogo. Sawa, lakini mtaji mdogo ndio usioweza kununua kitu kilekile mara tano.

Fanya hesabu hii, bei weka za kwako. Tuseme kiti cha plastiki ni shilingi 20,000 na kinakupa miaka miwili juani. Viti vinne ni 80,000, na kwa miaka kumi utavinunua mara tano: 400,000. Tuseme benchi la zege la watu wanne linakugharimu 150,000 pamoja na fundi, na chokaa 10,000 kila mwaka. Miaka kumi ni 250,000, na mwaka wa kumi na moja benchi lipo. Kabla ya kununua chochote gawa hivyo: bei pamoja na matunzo, kwa miaka kitakayodumu.

Kivuli kwanza

Cha mwisho, na labda ningekianza nacho. Kiti chochote utakachonunua, kivuli kitakiongezea maisha kuliko rangi yoyote, na kitamwongezea nguvu anayekikalia. Ukijenga banda la kuchambulia, upande mrefu uufuate mstari wa mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile pande fupi tu. Kama huna pesa ya banda, weka benchi chini ya mwembe au mwarobaini uliopo, na panda mwingine mwaka huu huu.

Yule kijana wa Hombolo nilimpa hesabu hii. Amejenga mabenchi mawili na meza moja ya wavu, na kabla ya kuvuna alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule mama kumwomba arudi. Mama hakumpa jibu siku ile. Alisema atapita kwanza akaone pa kukaa.

Naye ana haki. Wiki hii, kabla hujaagiza mbegu, nenda kakae pale wanapokaa watu wako, saa saba mchana, nusu saa tu. Ukiinuka utajua cha kununua.

Tukutane shambani.