Kabla ya Waiyaki Way Kulikuwa na Lugard

Kila siku makanga anaita "Kangemi, Uthiru, Kinoo!" pale tao, tunapanda mathree, tunashika Waiyaki Way, na hakuna mtu anauliza Waiyaki ni nani. Hata mimi sikuwa najua, manze.

Oktoba 1890, Frederick Lugard, mwanajeshi Mwingereza wa kampuni ya IBEA, alifika Dagoretti. Yeye na Waiyaki wa Hinga wakala kiapo cha undugu, akapewa mahali pa kujenga ngome. Kisha akaenda zake Uganda. Watu wa kampuni waliobaki wakaanza kunyang'anya watu chakula, ngome ikachomwa. Agosti 1892 Waiyaki akashikwa. Wakampeleka Pwani, akafia njiani, Kibwezi.

Na Lugard? Akawa gavana Hong Kong, kisha Nigeria, akapewa ulodi, akafa mzee wa miaka 87. Shuleni tulikariri sera zake za Nigeria tupate maksi. Dagoretti hatukuitajiwa hata siku moja, na iko hapo tu, mathree moja kutoka tao!

Mimi nasema hivi: kama lazima Lugard akuwe kwa mtihani, swali la kwanza liwe la Dagoretti. Kiapo kilivunjwa na nani? Maksi 20.