Tovuti ya umma ipimwe kwa simu ya mwananchi

Serikali imehamia mtandaoni. Mkazi wa Gede, Kaunti ya Kilifi, anayetaka cheti cha maadili mema, pini ya KRA au leseni ya kuendesha tuktuk haambiwi tena aanze kwa kupanga foleni katika ofisi fulani. Anaambiwa aingie kwenye tovuti. Mnamo Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye jukwaa la eCitizen, na tangu hapo zimezidi kuongezwa. Tunaunga mkono hatua hiyo. Hakuna anayetamani kurudi kwenye siku za faili kupotea, afisa kutoka nje na "chai" kudaiwa.

Lakini huduma haijamfikia mwananchi mpaka ifanye kazi kwenye kifaa alicho nacho mkononi, na kifaa hicho, hapa kwetu, ni simu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 47.3 ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi walikuwa na simu ya mkononi. Waliotumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4 pekee. Hizo ni takwimu za nchi nzima, Nairobi na majumba yake ya ofisi ikiwemo. Ukitoka Gede ukashika njia ya Dabaso, Mida au Mijomboni, mwenye kompyuta nyumbani utamtafuta.

Msimamo wetu ni huu: tovuti ya umma isiyotumika vizuri kwenye simu ya bei nafuu ni kazi ambayo haijakwisha, na haifai kulipwa kwa pesa za umma.

Asiyeona uzito wa jambo hili na ajaribu mwenyewe. Achukue simu ya inchi 5, asimame steji ya Gede, pale barabara ya Malindi inapoachana na ile ya Watamu, saa sita mchana, kisha afungue fomu iliyoundwa kwa kompyuta ya mezani. Maandishi yatatokea madogo kama mchanga. Akivuta kwa vidole viwili ili yakue, nusu ya ukurasa itakimbilia kulia nje ya kioo. Atasoma swali upande mmoja, asogeze kuona pa kujibu, arudi tena kusoma swali alilosahau. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, yaliyopendeza ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, hayasomeki kwenye jua la Pwani. Akigusa kisanduku cha tarehe, kalenda ya kompyuta itafunguka, na ili aufikie mwaka wake wa kuzaliwa atabonyeza mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja, hadi achoke. Akifika mwisho, kibodi ya simu itapanda na kuficha kitufe cha kuwasilisha. Akipigiwa simu katikati ya kazi, akirudi atakuta kila alichojaza kimefutika, aanze upya.

Mtu huyo hatalalamika kwa yeyote. Atadhani yeye ndiye asiyejua mitandao. Ataifunga simu na kwenda saiba.

Huko saiba ndiko gharama ya uzembe wa mbunifu inakolipwa. Kuna nauli ya matatu au boda kwa anayetoka mbali. Kuna ada ya kujaziwa fomu, ya kuskani na ya kuchapisha. Kuna nusu siku ya kazi iliyopotea. Na kuna jambo zito zaidi: mwananchi anamwachia mtu asiyemjua nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na nywila yake, mara nyingine ikiandikwa kwenye daftari la dukani ili isisahaulike. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na ofisi ya kamishna wa kuisimamia. Sheria hiyo haitamsaidia mtu ambaye fomu yenyewe imemlazimisha kutoa siri zake kwa jirani.

Si kosa la wenye saiba. Wanatoa msaada ambao mfumo uliukosa, na wengi wao ni vijana wetu wanaojitafutia riziki. Hata tovuti zikinyooka, kazi ya kuchapisha, kupiga picha za pasipoti na kuwafundisha wazee itabaki. Tunachokataa ni mtu mwenye simu yake na bando lake kulazimika kwenda huko kwa sababu tu kitufe hakionekani.

Wala tatizo hili halikosi dawa. Dawa yake ina umri wa zaidi ya miaka kumi. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka wa 2007, tovuti karibu zote duniani zilikuwa za kompyuta, na kivinjari chake kilichukulia kwamba kila ukurasa una upana wa pikseli 980, kikaupunguza wote ili ukae kwenye kioo kidogo. Mei 2010, mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte alieleza njia iliyo bora: ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo, badala ya kutengeneza tovuti moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Vipimo viwekwe kwa asilimia, si kwa pikseli zilizogandishwa. Picha zinywee na kutanuka. Safu tatu za kompyuta ziwe mbili kwenye kishikwambi, na moja kwenye simu. Kanuni za kiufundi zinazowezesha hayo ziliidhinishwa rasmi na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwezi Juni 2012. Leo mstari mmoja wa msimbo juu ya ukurasa huiambia simu itumie upana wake halisi. Mtaalamu anayeuacha mstari huo kwenye tovuti ya umma hana kisingizio.

Viwango vya kupimia navyo vipo. Mwongozo wa W3C wa mwaka wa 2018 unataka ukurasa usomeke kwenye upana wa pikseli 320 bila msomaji kusukuma kioo kushoto na kulia. Unataka pia maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na hilo ndilo litakalomwezesha mtu kusoma juani. Toleo la Oktoba 2023 liliongeza kuwa vitufe visiwe vidogo wala kubanana kiasi cha kidole kugusa viwili kwa pamoja. Mambo haya yanawafaa wote, lakini kwa mwenye uoni hafifu au mikono inayotetemeka ndiyo yanayoamua kama atapata huduma au ataikosa. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taarifa. Haki hiyo haiishii kwenye ngazi za jengo.

Kuna suala la uzito pia, na hapa ndipo wabunifu wengi hujisahau. Ukurasa wa kawaida duniani leo unazidi megabaiti 2. Kwa mwenye waya wa intaneti ofisini, hilo si neno. Kwa anayenunua bando la siku, huo ni mfuko wake unaochotwa kila anapofungua ukurasa, na mtandao ukiwa dhaifu atangoja mpaka akate tamaa. Na megabaiti hizo zinatumika kwa nini? Mara nyingi ni picha kubwa ya kiongozi akikata utepe, picha tano zinazopishana juu ya ukurasa, na video inayojianzisha yenyewe. Tangazo la basari, ambalo mzazi alilifuata, limefichwa chini kabisa, tena ndani ya faili ya PDF ya karatasi iliyopigwa picha ikiwa imeinama. Simu nyingi ndogo zitahangaika kuifungua. Programu inayowasomea wasioona haitapata hata herufi moja ndani yake. Tangazo lilelile likiandikwa kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa, lingefunguka mara moja na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kabla ya jua kutua.

Ajabu ni kwamba somo hili lilianzia hapa kwetu. Mwezi Machi 2007, miezi michache kabla iPhone ya kwanza kuuzwa, Safaricom ilizindua M-Pesa. Haikumngoja mwananchi anunue kompyuta, wala simu ya kisasa. Ilifanya kazi kwenye kabambe, kwa orodha fupi ya maandishi, hatua moja baada ya nyingine. Waliounda huduma hiyo walianza na simu duni kuliko zote sokoni, na kwa sababu hiyo muuza samaki wa Watamu na meneja wa benki Nairobi waliingia kwa mlango mmoja. Walimwengu wakaja kujifunza. Sisi wenyewe tumesahau.

Serikali nayo imewahi kuonyesha kwamba ikitaka inaweza. Katika sensa ileile ya 2019, makarani walipita nyumba hadi nyumba na vishikwambi vyenye maswali yaliyopangwa kwa ajili ya kioo kile. Na Oktoba 2023, Rais alipozindua kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River, moja ya simu zilizotoka hapo ilikuwa Neon Smarta ya inchi 5, kwa bei ya Sh7,499. Serikali iliyomhimiza mwananchi anunue simu ya inchi 5 ina wajibu wa kuhakikisha kila fomu yake inajazika kwenye inchi hizo 5.

Yanayosemwa juu ya huduma za umma yanahusu biashara zetu pia. Julai 2024, UNESCO iliuweka mji wa kale wa Gede kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Msikiti mkuu, jumba la mfalme na visima ambavyo James Kirkman alianza kuvichimbua mwaka wa 1948 sasa vinatafutwa na watu wa mataifa yote, na pembeni yake upo mradi wa Kipepeo, ambao tangu 1993 umewapa wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kipato cha kufuga vipepeo. Mgeni akishuka pale njia panda, anatoa simu mfukoni. Anataka kujua saa za kufungua, kiingilio, njia ya kulipa, na mahali pa kulala au kula. Nyumba ya wageni yenye ukurasa mwepesi, nambari ya simu inayopigika kwa kuguswa tu, na bei zilizo wazi, itampata. Ile yenye ukurasa unaozunguka bila kufunguka itampoteza, na mwenyewe hatajua kamwe kwamba alikuwa na mgeni. Google ilianza Aprili 2015 kuzipa nafasi ya mbele kurasa zinazofaa kwenye simu pale mtu anapotafuta kwa simu. Mwenye biashara aliyeahirisha jambo hili anapoteza wageni kabla hawajalisikia hata jina lake.

Wapo wanaosema jawabu ni kutengeneza programu ya simu. Hatukubali. Kila taasisi ikidai programu yake, mwenye simu yenye nafasi finyu atalazimika kufuta picha za wanawe ili apate huduma atakayoihitaji mara moja kwa mwaka. Tovuti nzuri haidai nafasi yoyote, na hufunguka kwenye simu, kishikwambi na kompyuta bila ubaguzi. Wapo pia wanaosema simu zitaendelea kuwa bora, tusubiri. Wazazi wanaotafuta basari muhula huu hawawezi kusubiri.

Tunapendekeza haya kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi na kwa kila taasisi inayotumia kodi yetu. Kwanza, zabuni ya tovuti itaje wazi viwango vya W3C, ukomo wa uzito wa ukurasa, na upana wa pikseli 320. Pili, matangazo na fomu ziwe maandishi ya ukurasa. PDF iwe nakala ya ziada kwa anayetaka kuchapisha. Tatu, Kiswahili kiwepo tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Nne, fomu ihifadhi kilichojazwa mtandao ukikatika. Tano, huduma muhimu ziwe na njia ya kubonyeza nyota na reli, kwa ajili ya wenye kabambe.

Na sita, ambalo ndilo zito kuliko yote: malipo ya mwisho yasitolewe mpaka wakazi wa kawaida waijaribu kazi. Mama muuza nguo, mvuvi, mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne na mzee mwenye miwani waitwe wakae kwenye benchi, kila mmoja na simu yake na bando lake, wajaze fomu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa. Mbunifu akae kando, anyamaze, aandike kila wanapokwama. Siku moja ya namna hiyo itafichua kasoro ambazo mikutano ya hotelini haijawahi kuziona, na gharama yake ni soda na nauli.

Kaunti ianze na fomu ya basari, kwa sababu ndiyo inayogusa nyumba nyingi, kisha ifuatie vibali vya biashara. Anayekabidhi tovuti aikabidhi Gede, kwenye simu, mbele ya watu watakaoitumia. Wakishindwa kuitumia, arudi akairekebishe kabla ya kulipwa.