Kifuniko cha Rejeta Hakina Kosa

Gari lilichemsha tukiwa katikati ya Kitonga, nyuma ya lori lililokuwa likipanda kwa gia namba moja. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye wekundu, ukakaa kidogo, kisha ukaanza kushuka. Dereva akashusha pumzi. Mimi niliona mvuke ukitoka pembeni mwa boneti nikamwomba aweke gari kando.

Saa nzima baadaye, injini ilipopoa, tulifungua rejeta. Kifuniko hakikuwa na mpira. Haukuwa umechakaa, ulikuwa umeng'olewa. "Fundi ndiye aliyeutoa, mzee," dereva akaniambia. "Alisema presha ipate pa kutokea."

Fundi huyo alikuwa na nia njema, sina shaka. Maneno yake nimeyasikia kwenye gereji nyingi: presha ndiyo inayochemsha gari, presha ndiyo inayopasua rejeta, ukiilegeza injini inapumua. Nayapinga yote matatu, kwa sababu nimeona injini nzima zikiuawa nayo.

Tuanze na maji. Dar es Salaam au Tanga, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage ya huko hukaa jikoni muda mrefu zaidi. Sasa injini nyingi zimeundwa zifanye kazi kati ya nyuzi 85 na 95 au kupita hapo kidogo, na thamostati huanza kufunguka kwenye 82 au 88. Kwa hiyo mlimani, kifuniko kikiwa hakizibi, injini yenye afya kamili na joto lake la kawaida tayari iko ukingoni mwa kuchemsha. Haiumwi popote.

Kifuniko ndicho kinachoisogeza mbali na ukingo huo. Juu yake pana namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, nayo ni presha ambayo springi ya ndani itaihimili kabla ya kuachia. Kwa kifuniko cha 0.9, maji ya pwani hayachemki mpaka yafike kama nyuzi 118, na ya Iringa kama 115. Presha hiyo hailetwi na kifuniko. Huletwa na maji yenyewe yanapopata joto na kutanuka, kifuniko kinaizuia tu isitoroke. Anayesema presha inaleta joto amelitanguliza tela mbele ya trekta.

Lakini faida kubwa zaidi iko mahali ambapo mshale wa dashibodi hauoni. Mshale unasoma joto la maji pale penye kipimo chake tu. Ndani ya silinda hedi, karibu na valvu za kutolea moshi, ukuta wa chuma ni wa moto kuliko maji yanayoupitia. Hata kwenye gari zima, viputo vidogo vya mvuke huzaliwa pale chuma kinapokuwa cha moto zaidi, na maji yanayopita huvizima papo hapo, yakiondoka na joto. Hilo halina ubaya. Ubaya unaanza presha inapokosekana: viputo havizimiki, vinaungana, vinakuwa utando wa mvuke kati ya chuma na maji. Umewahi kudondosha tone la maji kwenye kikaango cha chapati kilichopata moto kupita kiasi? Tone halikauki mara moja, linateleza huku na huku juu ya mvuke wake lenyewe, bila kugusa chuma. Hali kama hiyo ikiingia kwenye hedi, chuma kinakosa maji huku maji yamekizunguka. Kinapinda, gasketi inaungua, na dereva analetewa bili ya kufungua injini.

Wota pampu nayo huteseka. Upande inakovutia maji presha hushuka, na maji yaliyokwisha kukaribia kuchemka hugeuka mvuke hapohapo. Pampu inabaki inazungusha povu.

Wazee hunikumbusha kwamba magari ya zamani yalikwenda bila presha. Ni kweli. Ford Model T ya miaka ya 1910 ilikuwa na rejeta isiyo na presha, na maji yalizunguka kwa tofauti ya joto tu. Injini yake ya lita 2.9 ilitoa nguvu za farasi 20. Leo gari dogo la lita 1.5 hutoa karibu 100, na joto lote linaloingia kwenye maji yake linapita kwenye rejeta nyembamba. Maji yakiwa nyuzi 110 na hewa ya nje 35, tofauti ni 75. Yakizuiwa kwenye 95, ni 60. Tofauti ikipungua, joto linalotoka kwenye rejeta linapungua vilevile.

Na kupasuka? Chukua geji ya upepo. Tairi hujazwa 30 au zaidi. Kifuniko cha 0.9, kwa geji hiyohiyo, ni kama 13. Mpira wa rejeta unaopasuka kwa 13 ulikuwa umeoza. Ukilegeza kifuniko utavuja polepole zaidi, na hapo ndipo imani hii ilipopata mashiko: dereva anaona tone limepungua, anadhani amepona. Ipo pia presha ya ugonjwa kweli, pale gasketi ya hedi inapopitisha gesi za moto hadi kwenye maji. Dawa yake ni gasketi.

Jambo moja wanaoogopa presha wako sahihi: usifungue rejeta ya moto. Lita sita za maji yenye nyuzi 115, presha ikiondoka ghafla, zinaweza kutoa kama lita 280 za mvuke, na uso wako uko juu yake.

Narudi kwenye mshale ulioshuka pale Kitonga. Gari halikuwa limepoa. Maji yalikuwa yameisha pale kilipo kipimo, kikawa kinasoma mvuke. Tungeendelea na ile furaha kona tatu zaidi, hedi ingepinda.

Tulijaza maji tukaenda kwa mwendo wa pole, tukisimama mara mbili, hadi duka la spea Iringa. Kifuniko kipya niliminya springi yake kwa vidole gumba vyote viwili ikanisukuma. Nikavuta kile kisahani kidogo cha katikati, kile kinachorudisha maji kutoka chupa ya akiba injini inapopoa. Kikarudi mahali pake chenyewe. Kesho yake tukapanda hadi Mafinga, juu zaidi ya Iringa, na mshale haukutoka katikati.